Ngome za Udongo za Ziwa Albert

Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, serikali ya Misri ilijenga mlolongo wa ngome kutoka Mto Nile, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, hadi pwani ya magharibi ya Ziwa Albert. Nne kati yake zimeingia moja kwa moja katika historia ya Mahagi, kaskazini-mashariki mwa Kongo, na majirani zake. Dufile ilikaa ukingoni mwa Nile, juu ya maporomoko yanayozuia meli. Wadelai ilikuwa kusini yake, ukingo wa magharibi wa mto huohuo. Tunguru ilijengwa kwenye ulimi wa mchanga uliotokeza ziwani, karibu na ilipo Mahagi-Port ya leo. Mswa ilikuwa kusini zaidi kwenye pwani hiyohiyo, chini ya milima inayoshuka ghafla hadi majini. Dufile na Wadelai sasa zimo Uganda. Tunguru na Mswa zimo Kongo. Zote zilijengwa kwa udongo, miti na nyasi, na hakuna hata moja iliyotimiza miaka ishirini mikononi mwa Misri.

Msomaji aliyezoea kusikia habari za ngome za mawe anaweza kuziona hizi kuwa ndogo mno kuitwa ngome. Katika kisiwa cha Rodo, kwenye Bahari ya Kati, mashujaa wa Kikristo walikaa nyuma ya kuta zao tangu mwanzo wa karne ya 14 hadi Waturuki wa Usmani walipowaondoa mwaka 1522, na kuta hizo zingali zimesimama. Kilwa Kisiwani bado kuna magofu ya Husuni Kubwa, jumba la matumbawe na chokaa lililojengwa na masultani katika karne hiyohiyo ya 14. Mombasa kuna Ngome Kuu ya Wareno, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Jiwe humpa mtawala nafasi ya kuonekana hata baada ya kufa kwake. Udongo haumpi nafasi hiyo. Lakini mambo yanayoifanya ngome isimame au ianguke ni yaleyale kwa jiwe na kwa udongo: nani anaifikishia silaha, nani anailisha, na walio ndani wanamtii nani. Kwa maswali hayo matatu, ngome za Ziwa Albert zina mengi ya kusema.

Chanzo chake kilikuwa tamaa ya Khedive Ismail wa Misri ya kumiliki Nile yote hadi kwenye maziwa inakotokea. Mwingereza Samuel Baker na mkewe Florence walikuwa wamefika kwenye ziwa mwezi Machi 1864, wakalipa jina la mume wa malkia wa Uingereza aliyekuwa amefariki miaka michache kabla. Wenyeji walikuwa na majina yao, na waliendelea kuyatumia. Mwaka 1869 Khedive alimpa Baker kazi ya kuteka nchi za juu ya Nile, kuwazuia wafanyabiashara wa watumwa na kuanzisha mkoa mpya, ambao uliitwa Ekwatoria. Mwaka 1872 Baker alifika Masindi, akatangaza kwamba Bunyoro imekuwa mali ya Misri. Mfalme Kabalega hakukubali. Katika muda wa wiki chache Baker na askari wake walilazimika kuichoma kambi yao wenyewe na kukimbilia kaskazini huku wakishambuliwa njiani. Tangu mwanzo kabisa, utawala ule ulikuwa na nguvu mahali palipo na ngome yake, na hatua chache nje ya hapo.

Aliyemfuata Baker, Charles Gordon, alielewa kwamba bila ngome zinazofuatana hakuna mkoa. Kati ya 1874 na 1876 alipanga vituo kando ya Nile, kila kimoja kwa umbali unaoweza kutembewa na msafara kabla ya chakula kuisha. Tatizo lake kubwa lilikuwa maporomoko ya Fola, karibu na Nimule, ambako mto unabanwa na miamba na chombo chochote kinavunjika. Meli za mvuke zilifunguliwa vipande vipande, zikabebwa nchi kavu na wapagazi, kisha zikaunganishwa upya Dufile, juu ya maporomoko. Mbili kati yake, Khedive na Nyanza, ndizo zilizofanya ngome za ziwani ziwezekane. Kutoka Dufile hadi mwisho wa kusini wa ziwa hakuna kizuizi kingine. Mwaka 1876 Mwitaliano Romolo Gessi, aliyekuwa akimtumikia Gordon, alilizunguka ziwa zima kwa mashua za chuma na kuonyesha ukubwa wake halisi, ambao Baker alikuwa ameuongeza sana. Kuanzia hapo pwani ya Waalur, wenyeji wa magharibi ya ziwa, ikawa ndani ya ramani ya Cairo, ingawa watu wenyewe hawakuulizwa.

Ujenzi wa ngome hizi ulikuwa wa kijeshi na wa haraka. Dufile, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa na handaki pana lililochimbwa pande tatu. Udongo uliotoka humo ulirundikwa kwa ndani ukawa tuta refu la kuzuia risasi. Upande wa nne ulikuwa mto. Ndani kulikuwa na ghala ya risasi, ghala ya pembe za ndovu, nyumba za maofisa, safu za vibanda vya askari, na gati la meli. Wadelai ilifuata mpango huohuo kwa ukubwa mdogo. Tunguru ilitegemea maji yaliyoizunguka karibu pande zote kuliko handaki lolote. Adui mkubwa wa kila siku alikuwa moto. Paa zote zilikuwa za nyasi, vibanda vilikaribiana, na katika kiangazi cheche moja ya jikoni ilitosha kuteketeza kazi ya mwaka. Kila msimu wa mvua matuta yalibomoka, na kila kiangazi yalirundikwa tena. Ngome ya udongo haiishi kujengwa. Siku mikono inapopungua, nayo huanza kurudi ardhini.

Mikono hiyo ilitoka mahali pengi. Maofisa walikuwa Wamisri na Wasudani, baadhi yao wakiwa wametumwa kusini kama adhabu ya makosa waliyoyafanya Cairo. Askari wengi walikuwa vijana wa makabila ya kusini mwa Sudan na Wamakaraka, waliochukuliwa kwa nguvu wakiwa wadogo na kufunzwa bunduki aina ya Remington. Kila askari alikuwa na wake, watoto, watumishi na mara nyingi watumwa. Kwa hiyo kila ngome ilikuwa mji, na mji hula. Mishahara kutoka Misri ilichelewa kwa miaka, kisha ikakoma. Nafaka, mbuzi na ng'ombe vilitakiwa kwa wenyeji. Palipokuwa na chifu aliyekubali kushirikiana, mtama uliletwa kama kodi. Palipokuwa na aliyekataa, askari walitoka usiku, wakarudi alfajiri na mifugo, na wakati mwingine na watu.

Hapo ndipo mambo ya Waalur yanapostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu wao walikuwa na njia yao ya kupanua utawala bila handaki wala tuta. Miaka mingi kabla ya Wamisri, watawala wa Kialur walikuwa wameenea magharibi ya Nile na ya ziwa hadi juu ya nyanda za Mahagi, katikati ya Walendu, Wakebu na wengineo. Mtaalamu wa elimu ya jamii Aidan Southall, aliyeandika kitabu kuhusu jamii ya Waalur mwaka 1956, alieleza jinsi hali hiyo ilivyotokea. Jamii isiyokuwa na chifu, ikichoshwa na visasi vya ukoo kwa ukoo, ilikwenda kwa mtawala wa Kialur na kuomba mwana wake mmoja. Wakati mwingine hawakuomba, walimchukua tu. Mtoto huyo alijengewa nyumba, akapewa mke, na akatarajiwa kuamua kesi na kuleta mvua. Alilishwa kwa sababu alihitajika. Mamlaka yake yalikua polepole, bila kikosi cha askari, na yaliendelea kwa wanawe.

Mifumo hii miwili ilikutana kwenye ukingo mmoja wa mto. Wadelai lilikuwa jina la chifu wa mahali pale kabla ya kuwa jina la ngome. Baadhi ya watawala wa Kialur waliona faida ya kuwa na bunduki jirani, hasa dhidi ya mahasimu wao na dhidi ya mitumbwi ya Bunyoro iliyovuka ziwa. Wengine walipandisha ng'ombe wao milimani na kusubiri. Hakuna aliyeikubali ngome kuwa baba wa nchi. Iliruhusiwa kuwepo kwa kadiri ilivyoogopwa.

Mtu ambaye jina lake limeambatana na ngome hizi ni Emin Pasha. Alizaliwa Eduard Schnitzer mwaka 1840 huko Oppeln, katika Silesia, katika familia ya Kiyahudi. Alibatizwa akiwa mtoto, akasomea udaktari, akafanya kazi katika dola ya Usmani na kujiita Emin. Alikuja Ekwatoria kama daktari wa Gordon, na mwaka 1878 akawekwa kuwa gavana. Alikuwa na macho mabovu, adabu nyingi, na upendo wa ndege na mimea uliowashangaza askari wake. Aliandika hali ya hewa kila siku, na ngozi za ndege alizozikausha zilifika hadi London. Kama mtawala alipenda kushauri kuliko kuamuru, tabia iliyomfaa wakati wa amani.

Amani haikudumu. Uasi wa Mahdi, kiongozi wa kidini wa Sudan, ulikata njia ya Nile. Meli ya mwisho kutoka Khartoum ilimfikia Emin mwaka 1883. Januari 1885 Khartoum ikatekwa na Gordon akauawa. Emin aliacha vituo vya kaskazini kimoja baada ya kingine, akahamishia makao yake Wadelai, na uzito wa mkoa ukahamia ziwani. Mwezi Februari 1886 alipokea barua kutoka kwa waziri mkuu wa Misri, Nubar Pasha, iliyozunguka kupitia Zanzibar kwa miezi tisa. Ilimwambia kwamba Misri haiwezi tena kumsaidia, na kwamba yu huru kuondoka apendavyo.

Kwa miaka mitatu iliyofuata ngome za Wadelai, Tunguru na Mswa ziliishi bila serikali. Maisha ya ndani yake yalikuwa ya ufundi wa kulazimika. Pamba ilipandwa na kufumwa nguo nzito ambazo askari walizivaa badala ya sare. Sabuni ilipikwa nyumbani, viatu vilishonwa kwa ngozi ya ng'ombe, asali ikachukua nafasi ya sukari. Meli Khedive na Nyanza zilichoma kuni, na mwito wa honi zao ulijulikana pwani nzima. Ng'ambo ya maji, Bunyoro ilikuwa mlango wa kwenda Zanzibar, na mlango huo ulishikwa na Kabalega. Emin alimweka huko Mwitaliano Gaetano Casati kama mjumbe. Januari 1888 Kabalega alichoka naye. Casati alifungwa kwenye mti, akanusurika, akafika ukingoni mwa ziwa hana kitu, na Emin akamfuata kwa meli.

Ulaya, wakati huohuo, ilikuwa imemgeuza Emin kuwa shujaa wa kuokolewa. Henry Morton Stanley alipewa fedha na watu, akapita kwa makusudi kupitia Mto Kongo na msitu wa Ituri, ambako mamia ya wapagazi wake, wengi wao wakiwa watu wa Zanzibar, walikufa kwa njaa na magonjwa. Mwezi Desemba 1887 alifika kwenye bonde la ziwa akiwa hana mashua, akalazimika kurudi msituni na kujenga kituo alichokiita Fort Bodo. Aprili 1888 alirudi na mashua yake. Ofisa wake, A. J. Mounteney Jephson, alitangulia kwa maji hadi Mswa, na huko ndiko askari wa Emin walikompokea. Tarehe 29 Aprili Emin alikuja kwa meli kusini mwa ziwa kukutana na Stanley. Aliyetoka kuokoa alikuwa amechoka na watu wake wamevaa matambara. Aliyekuja kuokolewa alivaa nguo nyeupe safi na tarbushi, akaleta nafaka, asali, chumvi na nguo za pamba kwa ajili ya waokozi. Stanley alimkabidhi makasha 31 ya risasi.

Alimletea pia mapendekezo matatu, na humo ndimo ilimofichwa maana ya safari nzima. Emin angeweza kurudi Misri na watu wake. Angeweza kubaki ziwani kama gavana wa Leopold II, mwenye Dola Huru ya Kongo, kwa mshahara na fedha za matumizi. Au angeweza kuhamia upande wa Kavirondo, kwenye Ziwa Viktoria, na kuitumikia kampuni ya Waingereza. Ngome za Waalur zilikuwa zimepata wanunuzi kabla wenye nchi hawajajua kwamba zinauzwa.

Askari ndio waliovunja biashara hiyo. Jephson alikwenda na Emin kutoka ngome hadi ngome, akisoma barua ya Khedive Tawfiq iliyowaruhusu kuondoka. Walisikiliza, wakapima, wakaona haileti maana. Walijua kwamba njia ya kwenda Misri ni Nile kupitia Khartoum. Kwa nini serikali yao iwaite wapite kusini, katika nchi wasizozijua, nyuma ya mgeni mwenye watu wachovu? Wengi waliamini kwamba barua ni ya kughushi na kwamba watauzwa. Zaidi ya hayo, walikuwa na wake, mashamba na watumishi, na hakuna aliyewaeleza wangeishije Cairo na familia zile. Tarehe 18 Agosti 1888, katika ngome ya Dufile, Emin na Jephson waliwekwa kizuizini na askari wao wenyewe. Kiongozi wa maofisa waasi alikuwa Fadl el Mula.

Mwezi Oktoba jeshi la Mahdi lilishuka kutoka kaskazini na kuteka Rejaf. Hofu ikafanya kazi ambayo utii haukuifanya: Emin aliachiliwa mwezi Novemba akapelekwa Wadelai. Mwishoni mwa mwezi huo Wamahdi waliivamia Dufile, wakaingia hadi ndani, lakini wakatolewa kwa mapigano makali. Ndiyo mara pekee handaki na tuta vilipofanya kazi yake yote, na wakati huo gavana hakuwa tena na neno ndani yake. Mwanzoni mwa Desemba Wadelai iliachwa kwa kishindo, watu wakakimbilia Tunguru. Kutoka hapo Emin, Casati na Jephson walishuka hadi kwa Stanley, aliyekuwa amekwenda tena msituni na kurejea Januari 1889 na kupiga kambi kwa chifu Kavalli, juu ya nyanda za kusini-magharibi mwa ziwa. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu karibu 1,500 uliondoka. Ulifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba. Emin baadaye alijiunga na Wajerumani, akarudi bara, na mwaka 1892 akauawa mashariki mwa Kongo.

Waliobaki ndio walioamua sura ya eneo hili. Kundi la Selim Bey, ofisa wa Emin, lililochelewa kumfikia Stanley, lilikaa kwa Kavalli hadi mwaka 1891, Frederick Lugard alipokuja kulichukua kwa ajili ya utawala mpya wa Waingereza Uganda. Askari hao, pamoja na maelfu ya watu wao, waliwekwa kwanza katika ngome za Toro. Wazao wao ni Wanubi wa Bombo nchini Uganda na wa Kibera mjini Nairobi, ambao lugha yao, Kinubi, ni Kiarabu kilichozaliwa katika kambi za juu ya Nile. Fadl el Mula alibaki Wadelai, akafanya mkataba na watu wa Leopold mwaka 1892, akauawa na Wamahdi mwanzoni mwa 1894. Mwezi Februari mwaka huohuo ofisa wa Kiingereza alipandisha bendera yake Wadelai.

Kuanzia hapo kalamu ilichukua kazi ya handaki. Katika mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, Uingereza ilimkodisha Leopold ukingo wa magharibi wa Nile, ulioitwa Eneo la Lado, pamoja na ukanda wa upana wa kilomita 25 unaoshuka kutoka mgawanyo wa maji wa Kongo na Nile hadi Mahagi, ikiwemo bandari ya ziwani. Leopold alitaka meli zake zifike Nile. Mkataba wa 1906 ulisema kwamba Lado itarudishwa baada ya kifo chake, lakini ukanda wa Mahagi utabaki kwa Kongo. Alikufa Desemba 1909. Mwaka uliofuata Lado ikaenda upande wa Sudan, na sehemu yake ya kusini ikaja kuunganishwa na Uganda. Mkataba wa tarehe 3 Februari 1915 ulirekebisha mstari wa Mahagi na kuuweka karibu kabisa na ulivyo leo. Kwa njia hiyo Waalur walijikuta wamegawanywa: jamaa wa ukoo mmoja wakisoma Kifaransa Mahagi, wengine Kiingereza Nebbi na Pakwach.

Kilichobaki cha ngome zenyewe ni kidogo. Dufile, ambako wanaakiolojia walichimba mwaka 2006 wakiongozwa na Merrick Posnansky, handaki na tuta bado vinaonekana. Wadelai inajulikana zaidi kwa jina kuliko kwa majengo. Tunguru ilikaa mahali pabaya zaidi kwa kumbukumbu, kwa sababu kina cha ziwa hupanda na kushuka, na mchanga hauweki alama ya mtu.

Hesabu ya mwisho inaweza kufanywa bila kuwaonea waliojenga. Ngome za ziwani zilikuwa na silaha kuliko jirani yeyote, meli zisizo na mshindani, na gavana msomi. Hazikushindwa na adui aliyezizingira. Zilikwisha kwa sababu zililishwa na watu wasiozihitaji na kulindwa na askari walioacha kuyaamini maneno ya aliye juu yao. Uchifu wa Kialur haukuwa na kuta. Ulipita chini ya Misri, Mahdi, Leopold, Ubelgiji na Zaire, mara nyingi ukipindwa na kila mtawala ili umtumikie, na hadi leo teritwari ya Mahagi imegawanywa katika uchifu wa jadi unaotambuliwa na sheria za Kongo.